Wifi Yangu na Wanafunzi Wake wa Mwisho

Kila mwaka chuo kinatuletea wanafunzi wa udaktari, na kila mwaka tunakirudishia mabingwa wa moyo. Nasema hivi kwa hasira, wala sifichi. Mimi ni mfamasia wa kituo chetu cha afya. Nakaa nyuma ya dirisha la dawa, kioo chake kimepasuka pembeni na kuzibwa kwa plasta ya vidonda, na kutoka hapo naona ukumbi wote: mabenchi ya wagonjwa, mizani ya watoto, mlango wa chumba cha sindano na mlango wa chumba cha Daktari. Huyo Daktari ni mke wa kaka yangu. Nyumbani namwita wifi, kazini namwita Daktari, na akiniudhi namwita vyovyote inavyonijia.

Alikuja hapa akiwa msichana, kwa nia ya kukaa kidogo kisha aende kusomea ubingwa wa magonjwa ya watoto. Hakuenda. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia alimpima mama mjamzito mmoja akataka kujua mimba itaishiaje. Mtoto akazaliwa, akataka kuona atatembea lini. Mtoto yule sasa ana watoto wake, wanapimwa kwenye mizani ileile, na wifi yangu bado anataka kuona. Anajua nani anameza dawa na nani anazitupa chooni. Anajua kwamba mama muuza mkaa akija kulalamika kichwa, basi mumewe amerudi nyumbani, na hapo hamwandikii dawa ya kichwa kabla hajafunga mlango na kumuuliza mambo mawili matatu.

Sasa amefika umri wa kustaafu. Mwisho wa mwaka huu anaondoka, atake asitake. Mkubwa mmoja wa ofisi ya afya alikuja, akanywa chai yetu, akatuambia bila hata kubadilisha sauti kwamba hakuna daktari yeyote aliyeomba kuja kumrithi. Asipopatikana wa kuomba, chumba cha Daktari kitafungwa, na sisi tutabaki kufunga vidonda, kuchoma sindano na kuandika rufaa. Anayejua hospitali kubwa ilivyo hahitaji kuelezwa maana yake. Unafika alfajiri, jua linakukuta kwenye foleni, jua linakuacha kwenye foleni, na daktari unayemwona leo hutamwona tena maishani. Bibi wa presha hawezi kwenda huko kila mwezi. Atakaa nyumbani mpaka aanguke.

Kwa hiyo wanafunzi wa mwaka huu walikuwa wa mwisho kupita mikononi mwa wifi yangu, na mmoja wao ilibidi abaki. Hilo tulilijua wote, mpaka mfagiaji.

Shida ni kwamba wifi yangu alikuwa na namna yake ya kuwavutia wanafunzi, na namna hiyo ndiyo iliyotumaliza. Mimi niliiita maonyesho. Mwaka mzima alikuwa akiwaweka akiba wagonjwa wenye mambo ya ajabu, kama mtu anavyoweka vikombe vya wageni. Mama mwenye uvimbe wa shingo. Kijana mwenye mabaka ambayo hata vitabu vinabishana juu yake. Na juu yao wote, Mzee wa Moyo. Huyu ni fundi viatu mstaafu ambaye moyo wake unapiga na mlio wa ziada, kama mlango unaotaka mafuta, na haujawahi kumsumbua hata siku moja. Wanafunzi wakifika, wifi yangu anawaita hawa wote, wanapewa chai, wanakaa vifua wazi, na yeye anafundisha. Namsifu hapo. Akifundisha mlio ule, hata mimi niliye na dawa za kuhesabu nasimama kusikiliza.

Matokeo yake ni nini? Wanafunzi wanatoka wametoa macho, wanarudi chuoni, wanakwenda kusomea moyo. Au ngozi. Au shingo. Mmoja alimpigia simu miaka michache baadaye: "Daktari, wewe ndiye uliyenifanya niupende moyo." Wifi yangu alifurahi siku nzima. Mimi nilimwambia, "Umempikia mgeni chakula kitamu, akaenda kukila kwa jirani." Hakunisemesha mpaka kesho yake.

Mwaka huu nilimkalisha jikoni kwake. Kaka yangu alikuwa anamenya viazi, maana tangu astaafu ualimu wa hesabu ndiye anayepika, na ganda lake ni nene kuliko kiazi kinachobaki.

"Maonyesho basi," nilimwambia. "Wakae na kikohozi, presha, sukari na masikio. Anayependa apende kazi yenyewe."

"Watachoka siku ya kwanza," alisema.

"Wachoke. Atakayebaki hajachoka ndiye wetu."

Kaka yangu akaweka kisu chini. "Na kwani kuna ubaya gani ukimshika mmoja ukamwambia, mwanangu, njoo ukae hapa?"

Wifi yangu alimgeukia kama vile amemtukana. "Kazi hii haiombewi mtu. Ukimwomba, atakuja kwa kukuonea huruma. Akija kwa huruma ataondoka mvua ya kwanza ikivuja kwenye paa. Lazima aione mwenyewe, aitake mwenyewe."

Nilidhani ana akili sana. Kaka yangu aliendelea na viazi vyake.

Wanafunzi wakaja wanne, wote wakikaribia kumaliza masomo. Mmoja alikuwa na viatu vinavyong'aa kiasi kwamba aliruka madimbwi kama mbuzi, tukamwita Bwana Viatu. Wa pili hakuwa na neno, akiulizwa anajibu, asipoulizwa anatazama simu. Wa tatu tulimpa jina la Usingizi. Ukimweka kwenye benchi na joto la mchana, kichwa kinaanza kuitika. Ila watoto walimpenda, kwa sababu hakuwa na haraka ya kuwagusa, na zaidi ya mara moja nilimkuta amesinzia huku mtoto wa mtu amesinzia mapajani pake. Wa nne alikuwa binti mwembamba mwenye sauti kubwa. Huyo tulimwita Maswali, na jina lilimtosha.

Wa kwanza kulalamika hakuwa mwanafunzi. Alikuwa Mzee wa Moyo. Alikuja na koti lake la sherehe, kanyoa, akasimama dirishani kwangu.

"Mama wa dawa, nasikia wanafunzi wamefika."

"Wamefika, mzee wangu."

"Na mimi sijaitwa."

Nikamweleza kwamba mwaka huu wanajifunza magonjwa ya kawaida. Alinitazama kwa masikitiko makubwa. "Kwa hiyo mpaka niugue kitu cha kawaida?" Akaenda kukaa kwenye benchi na koti lake, akamwambia kila aliyepita kwamba kituo kimeshuka hadhi.

Siku zikawa zile zetu. Kikohozi. Presha. Vichanga kwenye mizani wakilia kwa pamoja. Bwana Viatu alikuja dirishani kuniuliza, "Mama, kwani huwa ni hivihivi kila siku?" Nikamjibu, "Hapana, mwanangu. Jumatatu huwa ni zaidi." Alirudi ndani ameinamisha kichwa. Wifi yangu alinitazama kwa jicho la kunilaumu, nami nikaanza kuogopa kwamba nimeharibu.

Kisha akaja mama mshonaji. Presha yake ilikuwa imekataa kushuka miezi na miezi. Wifi yangu aliwauliza wanafunzi wangefanya nini. Bwana Viatu alisema aongezewe dawa. Yule wa simu alisema aongezewe dawa. Usingizi alisema hajui, na hilo lilikuwa jibu bora kuliko yale mawili.

"Msiongeze dawa kabla hamjajua hii iliyopo inakwenda wapi," alisema wifi yangu, kisha akanyamaza. Kunyamaza ndiko anakojua kuliko madaktari wote niliowahi kufanya nao kazi.

Maswali akavuta kiti. Alimuuliza mama mshonaji anaamka saa ngapi, anakula nini, dawa anaweka wapi, anameza na chai au na maji, nani mwingine yuko mezani. Mama yule akaanza kucheka, akajifunika uso kwa kanga. Ikajulikana. Kila kidonge alikuwa anakikata katikati. Nusu yake, nusu ya mumewe. Mumewe ni seremala, ana kichwa kinachomuuma kama cha mkewe, na ameapa kwamba kituo cha afya ni cha wagonjwa na yeye si mgonjwa.

"Na yeye anajua anameza nini?" Maswali aliuliza.

"Namwambia ni vitamini."

Mchana ule Maswali alibeba kigoda kutoka ukumbini kwetu, kimoja ambacho mguu wake unacheza, akaweka mashine ya presha kwenye mkoba, akaenda karakana ya seremala. Alikaa hapo kwenye vumbi la mbao akisubiri kigoda kigongwe misumari, akisifia mlango huu na kitanda kile. Seremala akaona mashine. Akasema nipime uone, mimi ni chuma. Maswali akapima, akapima tena mkono wa pili. Hakumtisha. Alimwambia tu kwamba angependa Daktari aione namba ile kwa macho yake, na kwamba kigoda atakuja kukichukua kesho, yeye seremala akiwa tayari wafuatane. Kesho yake seremala akaja, shati limepigwa pasi, kigoda begani.

Jioni hiyo Maswali alisimama katikati ya ukumbi mtupu akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa, "Huyu angekufa akiwa na randa mkononi." Akacheka, kisha macho yakamjaa machozi. Wifi yangu alikuwa mlangoni. Nilimwona anavyomtazama yule binti. Sijamwona akimtazama hivyo mtu yeyote tangu kaka yangu alipokuwa na nywele.

Nikafurahi, nakiri. Tena nilianza kujisifu moyoni.

Mwisho wa mafunzo, mhadhiri wao alikuja kuwapima. Na huyo mhadhiri unadhani ni nani? Ni yuleyule wa zamani aliyempigia wifi yangu simu, aliyefanywa aupende moyo. Amekuwa bingwa mkubwa, ana kitambi na gari la kimya. Alimwinamia wifi yangu kwa heshima ya kweli, akamuuliza Mzee wa Moyo yuko wapi, akaenda kumkumbatia kwenye benchi lake. Kisha akasikia kisa cha seremala. Alimsikiliza Maswali mpaka mwisho, akapiga paja.

"Wewe," alimwambia, "kichwa kama hiki hakiwezi kupotelea huku. Mimi natafuta mtu kama wewe. Nakuomba uje kwenye kikosi changu."

Alisema hivyo mbele ya mwalimu wake, akiwa anakunywa chai ya mwalimu wake, na hakuona kosa lolote. Nilifunga kopo la dawa kwa nguvu mpaka kifuniko kikaruka. Wifi yangu alitabasamu, akamwongezea sukari.

Siku ya kuagana, wale watatu walipeana mikono nasi wakatangulia kwenye gari. Maswali alibaki nyuma. Alikuwa ameshika mkono wa wifi yangu na hauachii.

"Daktari, ukiondoka, hapa anakuja nani?"

Nilikuwa nyuma ya kioo changu. Nilitaka kutoka nimkanyage wifi yangu mguu.

"Atakuja atakayekuja," alisema.

"Hujampata mtu?"

"Mungu ataleta. Wewe soma, mwanangu. Nenda salama."

Yule binti alisubiri kidogo, kisha akaenda.

Nilimvamia kabla gari halijakata kona. Nikamwambia mtoto ameufungua mlango mwenyewe, yeye ameurudishia. Akanijibu kwa utulivu unaokera, "Ameuliza kwa sababu anataka. Anayetaka hasukumwi." Na wiki zilizofuata alifanya mambo ya mtu mwenye uhakika. Alipaka rangi chumba chake kwa mikono yake. Alitoa makorokoro yake kwenye droo. Mama mshonaji akaleta pazia jipya, seremala akaleta rafu ya vitabu bila kuombwa. Wagonjwa walianza kuniuliza daktari mpya binti anakuja lini, nami, mjinga wa kwanza, nikawaambia yu karibu kuja.

Alikuja kweli. Nilimwona ameketi kwenye benchi katikati ya wagonjwa, mkoba magotini, akingoja zamu kama wao. Nikajua. Mtu mwenye habari njema haketi hivyo. Nilimpitisha ndani, nikabaki mlangoni na hakuna aliyenifukuza.

"Nimekuja kukuaga vizuri, Daktari," alisema. "Nimekubali kwenda kwa mhadhiri, kwenye kikosi chake cha moyo. Tutashughulika na presha, kuwatafuta watu kama seremala, wengi kwa pamoja. Ni wewe uliyenifundisha."

Wifi yangu alimtazama muda mrefu. Maneno yake ya siku zote nayajua, nimeyasikia kila mwaka: hongera, mwanangu, utufikishe mbali. Nilikuwa nayasubiri.

"Sikupi hongera," alisema.

Maswali akainua uso.

"Watu wa huku wamekungoja. Mimi nimekungoja. Nimekupakia chumba rangi. Huko unakokwenda wako wengi wenye kichwa kama chako, wanagongana kwenye korido. Hapa mwisho wa mwaka hakuna mtu. Nakuomba ubaki."

Yule binti alipoongea, hakuwa na ile sauti yake kubwa.

"Daktari, mbona hukusema?"

"Nilitaka uchague mwenyewe."

"Nilikuuliza anakuja nani. Nilisimama pale nikingoja uniambie ni mimi. Ukaniambia Mungu ataleta." Alijifuta pua kwa kiganja kama mtoto. "Nikajua hunioni kama nafaa. Nikasema labda ameona kosa langu, labda nilimkosea yule seremala mahali. Mhadhiri aliniomba mara tatu. Wewe hukuniomba hata mara moja. Nimeweka sahihi juzi."

Nje mtoto mmoja alikuwa kwenye mizani anapiga kelele za kuchinjwa. Nilitaka kumkasirikia yule binti, nikatafuta pa kuanzia, nikakosa. Hasira yote iliniishia kwa wifi yangu, na kwake nayo haikukaa, maana alikuwa ameketi chini ya rafu mpya isiyo na vitabu, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee.

Alikaa hivyo mpaka nikaogopa. Kisha akaniambia, "Nipe namba za wale watatu."

"Wa viatu?"

"Wote."

Simu yake huwa inapiga kelele, kwa sababu sikio lake moja limechoka, kwa hiyo tulisikia kila kitu. Bwana Viatu alishukuru sana, akasema ameshapata nafasi ya kusomea macho, akatuma salamu kwa kaka yangu. Yule wa simu, ajabu yake, hakupokea simu. Wagonjwa walianza kuchungulia kujua kwa nini hawaitwi. Nikawaambia wangoje.

Kwa Usingizi iliita mpaka nikadhani amelala kweli. Akapokea. Wifi yangu, ambaye hajawahi kumgusa mgonjwa kabla hajauliza habari za nyumbani, za watoto na za kazi, hakumsalimia.

"Naondoka hapa mwisho wa mwaka," alisema. "Asipokuja mtu, watafunga chumba changu. Nakuomba uje ukae wewe."

Tulimsikia kijana anavuta pumzi.

"Daktari," alisema, "umekusudia kunipigia mimi?"

"Wewe."

"Maana hakuna mtu aliyewahi kuniomba mimi..." Akaishia hapo. Maswali alikuwa bado amesimama karibu na pazia, amefunika mdomo kwa mkono. Wifi yangu aliibana simu sikioni kwa mikono yote miwili, akangoja.